Sahani ya Bwana Meli

Jirani yangu mpya hapa Hodge Hill, Birmingham, ameniletea pilau ndani ya kopo la plastiki. Nilipomuuliza nimrudishie lini kopo lake, alicheka. "Tupa tu, dada." Nilikulia mtaa huu huu, nikahamahama miji mingi, na sasa nimerudi; sikutegemea kukuta mambo yale yale. Lakini kopo hilo limenirudisha kwa nyanya yangu, na kwa mzee tuliyemwita Bwana Meli.

Kama umelelewa na watu wa Mombasa, unajua: jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Unatia chochote ulicho nacho, hata ndimu mbili. Nyanya alikuja na desturi hiyo Birmingham, akaipitisha juu ya ua wa mbao kwa jirani yetu mzungu, ndiye huyo Bwana Meli.

Alikuwa mtu wa Welisi, na ukimwita Mwingereza alinuna. Zamani alikuwa na kampuni ya meli huko Cardiff, na ujana wake ulipita baina ya bandari ile na ya Mombasa, akisafirisha chai na katani. Siku za mapumziko alicheza kriketi, bila malipo, kwa mapenzi tu. Kampuni ilipofilisika alikuja kuishi katika nyumba aliyoachiwa na dadake. Hayo ya kufilisika hatukuyajua. Kwetu sisi, mtu wa meli ni tajiri.

Kila Jumamosi nyanya alikaanga mahamri, nyumba ikanukia iliki mpaka kwenye mapazia, nami nikatumwa. Kiswahili nilikielewa, lakini kama watoto wote wa hapa nilijibu kwa Kiingereza. Bwana Meli hakukubali.

"Hiyo lugha nimeichoka," alisema kwa Kiswahili chake cha Mombasa. "Nisemeshe kama nyanyako. Mbaazi ziko wapi leo?"

"Zimeisha."

"Zimeisha, au mmezila nyinyi walafi?"

Mwanzoni sahani ilirudi na matufaha ya mti wake. Baadaye biskuti. Kisha ikarudi na mpira mwekundu wa kriketi, kofia ya klabu yake, dira ya shaba. Nyanya alivipanga kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni. "Mzungu huyu ana adabu," alimwambia mama, na wiki iliyofuata akaongeza chakula. Hakutaka kushindwa kwa ukarimu.

Siku ya Idi nilipeleka biriani. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia ndani kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na baridi zaidi kuliko barabarani. Ukutani zilibaki alama za picha zilizoondolewa, rafu zilikuwa tupu, na friji ilikuwa wazi, imezimwa, haina hata maziwa. Bwana Meli alikuwa amepiga magoti, bisibisi mkononi, akibandua kibao cha shaba chenye jina la kampuni yake.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Ukirudi na sahani tupu, nyanyako atanionaje?"

Nilimweleza nyanya nilichokiona. Aliketi kwenye ngazi, kibao nilichorudi nacho kikiwa mapajani, akalitazama kabati. "Mtu hana chakula," alisema, "na mimi kila wiki nampelekea sahani ya kumdai." Kumrudishia vitu vyake kungekuwa tusi. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata aliyafunga mahamri katika karatasi ya foili, akadhani amelitatua jambo.

Bwana Meli alipokea furushi, akaligeuza, akatazama chini yake.

"Sahani iko wapi?"

"Nyanya amesema leo hakuna sahani."

Shingo yake ikawa nyekundu, kisha masikio. Desturi yetu aliijua. Alielewa papo hapo kwamba tumeiona hali yake. Alinishukuru kwa upole, kwa Kiingereza, akafunga mlango. Hakuwahi kunisemesha Kiingereza kabla ya hapo.

Mafurushi yaliyofuata tuliyakuta kesho yake palepale kizingitini pake, hayajaguswa. Nyanya aliacha kukaanga Jumamosi. Kabati alilifunika kitambaa, na wageni walipouliza alisema kioo kina ufa.

Sasa nyanya hayupo, mzee hayupo, na pale penye ua wa mbao pana ukuta wa matofali. Ule mpira nimehama nao kila mji, na sijamruhusu mtu aurushe. Kopo la plastiki ni rahisi, najua, halimdai mtu. Leo nimeliosha, nimelikausha, nimetia ndimu mbili. Nimesimama mlangoni kwa jirani nikijiuliza friji yake ina nini, kisha nikarudi nalo nyumbani.