Gitaa la Vidole Vifupi

Gitaa lilianguka Jumamosi asubuhi, Bi Mkasi akiwa ameinamia cherehani. Binti yake alikuwa amepanda juu ya stuli akifuta vumbi ukutani, kitambaa kikanasa kwenye mkanda wa gitaa lililotundikwa hapo, na chombo kikashuka chini. Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilichomnyanyua Bi Mkasi kitini ni ile sauti iliyofuata: nyuzi zote zililia kwa pamoja, halafu zikanyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Mama, nisamehe. Sijui hata limetokaje."

Daraja, kile kibao kinachozishika nyuzi juu ya tumbo la gitaa, lilikuwa limebanduka, na kando yake ufa ulikuwa umeshuka hadi karibu na ukingo. Binti alisubiri mvua ya maneno. Mama yake hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mteja aliyenenepa aliambiwa wazi mbele ya watu kwamba kiuno hiki si kile cha mwaka jana. Lakini siku hiyo Bi Mkasi hakufoka. Aliketi sakafuni, akalipakata gitaa lake, akawa anauchezea ule ufa kwa ncha ya kidole.

"Nitakununulia jipya, mama. Siku hizi dukani yapo mazuri, yanang'aa hasa."

"Yanang'aa," Bi Mkasi alisema. "Na hiyo shingo yake nitaishika kwa mkono wa nani?"

Binti hakuelewa, na hakuwa na kosa, maana hadithi ya gitaa lile ilikuwa imemtangulia kuzaliwa.

Zamani hizo Bi Mkasi alikuwa msichana wa kushona, na kibanda chake kilitazamana na karakana ya seremala mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi. Jina lilimkaa vizuri. Gundi ilikuwa kwenye kucha zake, kwenye mikono ya shati, mpaka kwenye nywele. Alitengeneza milango na vitanda kama maseremala wengine, ila jioni, kazi za watu zikiisha, alitoa vipande vya mbao nzuri alivyokuwa akiviweka kando, akaunda magitaa. Hakuwa na haraka nayo. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akapiga randa, akagonga tena. Wapita njia walidhani ana wazimu kidogo.

Vijana wa bendi ya mtaani walishonewa mashati kwa Bi Mkasi. Wao wakijaribu mashati, yeye alijaribu magitaa yao. Siku moja mpiga solo akamtazama anavyohangaika, shingo ya gitaa haienei kiganjani, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Dada, hivyo vidole ni vya kushonea vifungo! Muziki utuachie sisi."

Wote wakaangua kicheko. Bi Mkasi naye akacheka, kama mtu anavyocheka akiwa hana pa kuuficha uso. Ni Gundi peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amekuja kutiliwa kiraka kwenye suruali, amekaa pembeni kajifunga shuka. Vijana walipoondoka akasema, "Lete mkono wa kushoto." Akauvua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwa msichana, akampima: urefu wa kila kidole, upana wa kiganja, mpaka ule mwanya wa dole gumba. Akavaa suruali yake, akavuka barabara akaenda zake.

Miezi ikapita, Bi Mkasi akasahau. Halafu mchana mmoja Gundi akaingia na kitu kimefungwa kwenye shuka kuukuu. Lilikuwa gitaa la rangi ya asali, shingo yake nyembamba kuliko zote alizowahi kuzishika. Vidole vyake vikazunguka vikafika, bila kunyoosha, bila kulazimisha.

"Hilo ni saizi yako," Gundi alisema. "Usinirudishie nilipunguze."

Malipo walielewana yawe nguo. Msimu mzima Bi Mkasi aliwashonea Gundi na mkewe, na walipohesabiana walikuta kila mmoja anaona kamdhulumu mwenzake, wakaacha kuhesabu. Akajifunza kupiga kwa sikio, mguu ukiwa bado juu ya kikanyagio cha cherehani. Alipiga kwenye harusi za majirani. Alimpigia mumewe, ambaye sasa alikuwa ametangulia mbele ya haki, na ambaye kila jioni aliufuatisha wimbo kwa sauti ya puani, nje kabisa ya muziki, na hakuna siku aliyoambiwa. Alimbembelezea binti huyu huyu aliyelidondosha. Kisha barabara ikapanuliwa, karakana ikavunjwa, Gundi na mkewe wakahama, na watu wakapotezana vile watu wa mjini wanavyopotezana.

Jumatatu Bi Mkasi alipiga moyo konde akaenda kwa wauza mbao.

"Mzee Gundi?" muuzaji mmoja alisema. "Yupo, mama, hajambo. Ila mikono imemwacha mkono." Akacheka utani wake mwenyewe, kisha akamwelekeza.

Nyumba ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Mke wa fundi ndiye aliyeitikia hodi, mama mwembamba mwenye macho ya kucheka, akawakaribisha Bi Mkasi na binti yake aliyebeba gitaa kama anayebeba mgonjwa. Mzee alikuwa barazani, mikono juu ya magoti, ikitetemeka bila kupumzika. Alimtazama Bi Mkasi kwa adabu, kama mtu anayetazama picha ya ukoo wa wenzake.

"Samahani, mwanangu. Sura zinanikimbia siku hizi."

Bi Mkasi akafungua shuka. Mzee akakunja uso.

"Nani kalifanya hivi?"

Binti akajisogeza nyuma ya mama yake. Lakini mzee hakungoja jibu. Alikuwa ameupitisha mkono wake unaotetemeka kwenye shingo ya gitaa, akaupitisha tena, na uso ukaanza kumchangamka.

"Vidole vifupi," alisema. "Mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Ulikuwa unakata uzi kwa meno."

"Mpaka leo anakata kwa meno!" binti akaropoka, na wote wakacheka, Bi Mkasi akifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Nitengenezee, mzee."

Akainua viganja vyote viwili, vikacheza hewani. "Unaviona? Hata chai inanifikia nusu kikombe. Lipeleke kwa fundi mwingine."

"Mwingine hakuliunda."

Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Nyinyi nanyi," alisema. "Huyu ana mikono. Wewe mdomo bado unao, tena mzima kabisa. Sasa mnangoja nini?"

Ndivyo Bi Mkasi alivyojikuta kwenye chumba cha nyuma, amefungwa aproni ya fundi, mbele yake patasi na randa zilizopakwa mafuta kana kwamba kesho kuna kazi. Mzee alikaa kiti cha kando na kuanza kufoka.

"Hilo si sufuria, usilisugue hivyo! Polepole. Fuata mbao inakotaka kwenda. Haya, gundi. Ah, umemwaga!"

"Nitajuaje kama inatosha?"

"Unajuaje kama pindo limenyooka?"

"Naliona tu."

"Basi tazama."

Akatazama. Akapaka tena, nyembamba, akalikalisha daraja mahali pake, akakaza vibano taratibu mpaka mzee akaguna. Gitaa lilitakiwa kulala hapo wiki nzima bila kuguswa. Bi Mkasi alirudi katikati ya wiki akidai amesahau miwani. Miwani ilikuwa kichwani mwake. Mke wa fundi akamwonyesha kwa kidole, wakanywa chai.

Siku ya kufunga nyuzi alizikaza moja moja huku kashika pumzi, akisubiri ubao upasuke. Haukupasuka. Akapiga wimbo aliojifunza kwanza, ule wa mashine ikikimbia chini ya mguu. Ufa ulikuwa umebaki kama kovu jembamba, na sauti ilikuwa ile ile, labda imeshuka kidogo. Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Nilipokupa lilikuwa bado na sauti ya mbao. Umelilea." Halafu, kwa kuwa alikuwa Gundi, akaongeza, "Uzi wa tatu umelegea."

Hapo ndipo Bi Mkasi alipoinua macho na kuona mwili wa gitaa ukining'inia ukutani, mbavu na mgongo, bila uso wala shingo.

"Lile la nani?"

"Langu," mke wa fundi alisema. "Tangu tukiwa vijana. Kila likikaribia kuisha, anakuja mteja mwenye haraka, langu linarudi ukutani. Halafu mikono ikagoma."

Mzee akainamia magoti yake kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Lete mkono wa kushoto, mama," Bi Mkasi akasema, akauvua utepe shingoni.

Iliwachukua masika yote. Uso wa kwanza waliuharibu, Bi Mkasi akapiga randa mpaka akatoboa, mzee akatokwa na povu, mkewe akawatuliza wote wawili. Wa pili ukakubali. Binti aliacha kuuliza mama anashinda wapi Jumamosi. Alianza kuja naye, akisugua msasa na kupuliza vumbi.

Lilipokamilika, mke wa fundi alilipakata bila kujua pa kuanzia. Akagusa uzi mmoja kwa dole gumba, ukalia mrefu na mzito, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mumewe akageuza uso akatazama dirishani kwa muda.

Sasa kila Jumamosi wanawake hao wawili hukaa barazani magoti yakigusana, mmoja akimpanga mwenzake vidole. Wimbo wamejifunza nusu. Mzee yuko kitini pake, na hawapigi mistari miwili kabla hajakohoa.

"Mmetoka nje ya muziki."

"Kunywa chai yako," mkewe humjibu bila kugeuka. "Wenzio tuko kazini."