Kalamu ya Kawempe

Wiki iliyopita, harufu ya rangi mbichi na pilau kwenye duka jipya pale Kawempe ilinirudisha utotoni. Vita vilikuwa vimekwisha, na jirani yetu Muganda alikuwa anafungua duka la kwanza mtaani.

"Mama Akinyi," alimwambia mama, "kesho mje wote, kuna kalamu."

Penseli yangu ilikuwa imebaki kipisi, kwa hiyo nilikwenda na daftari kwapani. Nikapewa sahani ya nyama, nikalia. Mama alicheka kwanza, ndipo akaninong'oneza kwamba jirani alimaanisha karamu.

Siku hizi mtaa mzima ni maduka, na hilo jipya, la vitabu, ni langu. Nilipomwalika jirani kwenye ufunguzi, aliuliza, "Kalamu ya kula ama ya kuandika?"

Nikamwambia zote mbili.