Daftari la Beji na Sahihi Yangu

Ningemwambia bwana mmoja wa Kizingo, "Kafunge kitambaa mwenyewe," nisingekuwa na neno la kuungama leo. Sikumwambia. Nilichukua kalamu nikatia sahihi. Naanza na hilo kwa sababu wiki iliyopita mshona kofia mmoja wa Mji wa Kale, ambaye baadhi yenu wasomaji wangu mmevaa kazi ya mkono wake siku za Idi, alifariki dunia, na kila nikijaribu kuandika sifa zake kalamu yanirudisha kwenye sahihi ile. Nilipopewa habari nilisema "Inna lillahi" kama isemwavyo, nikamaliza chai yangu, nikaosha kikombe. Mpaka sasa sijahisi zaidi ya hapo.

Mimi naye tulikuwa maskauti wa kikosi kimoja enzi za ukoloni, kaptura za kaki na skafu shingoni, mimi nikiwa karani wa kikosi. Tulipokua, wengi wetu tulizitupa zile beji za kitambaa pamoja na kaptura zenyewe. Yeye alianza kuzitafuta akiwa keshaota mvi. Alizipata kwenye masanduku ya wazee wenzake na kwenye makopo ya vifungo, akazishonea moja moja katika daftari la karatasi nene, na chini ya kila beji akaandika masharti ya kuipata. Ya mpishi: kuwapikia watu wawili kwa moto ulioukoka mwenyewe kwa njiti mbili tu za kiberiti. Ya kiongozi wa njia: kumfikisha mgeni aendako bila kuuliza mtu. Ya huduma ya kwanza: kuufunga kwa skafu mkono uliovunjika. Ukimpelekea beji, kwanza aliigeuza, akapitisha kidole kwenye nyuzi za nyuma. "Mbele ni maringo," alikuwa akisema. "Kazi iko huku." Kisha alikuwa na sharti lake yeye, ambalo sijaliona kwa mtu mwingine: beji haiingii daftarini mpaka mwenyewe arudie kazi yake, uzee na yote, mbele yake au mbele ya shahidi anayemwamini, na shahidi atie sahihi kwenye kikaratasi cha kubandikwa chini ya beji. Mara nyingi shahidi nilikuwa mimi. "Karani akiona," alisema, "nami nimeona."

Namkumbuka mchuuzi wa vitunguu wa Marikiti, mtu wa kimo na kitambi, alivyochutama mbele ya duka la kofia na mafiga matatu na njiti zake mbili. Ya kwanza ikazimika. Uchochoro mzima ulikuwa umekuja kutazama.

"Yakhe, umezoea kukokewa na mke!" akasema muuza kahawa.

"Nyamaza wewe! Wanizimia moto kwa mdomo wako."

"Moto wataka pumzi, hautaki matusi," akasema mshona kofia, wala hakuinua macho kwenye sindano.

Njiti ya pili ikashika. Mchuuzi akautazama ule moto, akajifuta macho, akasema ni moshi. Tukanywa chai yake, nikatia sahihi. Siku hiyo ilikuwa sahihi ya kweli.

Miaka hii ya tisini vyeti vimejaa ukutani, ofisini hata kwa vinyozi, nasi twapita tukivisifu fremu. Ni nadra mtu kuambiwa, "Hebu fanya nione." Marehemu aliwaambia hivyo wazee wenzake, na sikumbuki aliyeondoka kwake amekasirika. Walikwenda zao wakitembea kama wavulana.

Yule bwana wa Kizingo alikuwa na beji ya huduma ya kwanza, na alitaka iwemo. Alikuwa amemsaidia mjukuu wangu kupata nafasi ya shule, nami nilikuwa na haya naye. "Nikafunge matambara barazani, watu wanicheke?" aliniambia. "Wewe ulikuwa karani. Tia sahihi, bwana, yaishe." Nikatia, juu ya boneti ya gari lake. Hakunilazimisha. Mshona kofia alisoma kikaratasi, akaona jina langu, akachukua sindano.

Baada ya miezi michache bwana huyo alileta wageni kuliona daftari. Nilikuwapo. Mwalimu mmoja mstaafu akavua skafu yake, akampa: "Hebu tuoneshe." Bwana yule akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi wapi na huduma ya kwanza! Hii nilibadilishana na mwenzangu kwa kisu cha mfukoni. Rafiki yangu huyu ndiye aliyenishuhudia." Hakuwa na nia mbaya, aliona ni mzaha. Mshona kofia aliuma uzi, akaukata, akaendelea kushona.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi.

"Nimekusamehe, ndugu yangu," akasema. "Kaa, unywe kahawa."

Nikakaa. Daftari lilikuwa wazi mapajani pake, naye akifumua kwa wembe kila beji yenye sahihi yangu. Alipofika kwenye ile ya mchuuzi nikamshika mkono.

"Hii umeiona kwa macho yako! Chai yake umeinywa!"

"Nimeiona. Lakini atakayelisoma daftari hili nikishakufa hakuiona. Ataona jina lako, na jina lako limewekwa chini ya uongo."

"Basi warudie mbele ya shahidi mwingine."

"Huyu amekufa tangu mwezi wa Ramadhani," akasema. "Na wengine sita."

Nikamwachia mkono. Alizifumua zote, polepole, asichane kitambaa, akazitia kwenye bahasha ili azirudishe kwa wenyewe au kwa jamaa zao. Sikuondoka mpaka akamaliza, maana sikujua niende wapi.

Nimekuwa nikiwaandikia mengi katika safu hii kuhusu uaminifu. Nililojifunza mwenyewe ni hili: shahidi akisema uongo mara moja, hauharibiki ushahidi ule mmoja tu, bali na ule wa kweli aliotoa kabla yake. Sahihi ile iliwanyima wazee saba waliokufa nafasi waliyoipata kwa haki, na hakuna wa kuwarudishia. Nami ilininyima imani ya mtu aliyenijua tangu utotoni. Miaka minne aliyobaki nayo alinisalimu kila tulipokutana, akaniuliza hali ya wajukuu, na hakuniomba tena nimshuhudie jambo lolote.