Taa Waliyoigombania

Juzi fundi alikuja kubadilisha swichi ya ngazini kwangu. Alipoifungua, harufu ya waya ulioungua ikanirudisha Garissa, alasiri moja ya siku za kafyu, moshi wa uunsi, ubani wa mama yangu, ukizagaa uani.

Taa yetu ya uani ilikuwa na swichi mbili, kila moja ikiweza kuiwasha na kuizima: moja chumbani kwa baba yangu, Aabo, nyingine ng'ambo ya ua, chumbani kwa mama yake, Ayeeyo. Ya Ayeeyo ndiyo iliyoungua. Aabo alifunga uzi mwekundu kwenye waya mkuu kati ya nyaya zake tatu, asije akazichanganya kwenye swichi mpya. Umeme wa jenereta ulikuja jioni tu, kwa hiyo kama angekosea, angejua kafyu ikishaanza.

"Tengeneza vizuri, mwanangu," Ayeeyo alimwambia. "Bila hiyo silali."

Nilimwonea huruma Aabo. Kila jioni yeye aliwasha taa, na papo hapo Ayeeyo akaizima. Niliamini wanagombana.

Magharibi jenereta ilinguruma. Milango ilishafungwa, na hakuna aliyethubutu kutoka hata uani kwake. Aabo akawasha. Taa ikawaka, kisha ikazimwa kutoka ng'ambo.

"Alhamdulillahi," akasema, nami nikashangaa mtu kushukuru kwa kushindwa.

Leo najua alikuwa akimuuliza mama yake kama yu salama, naye akijibu. Hata kafyu ilipoondolewa na Ayeeyo akawa anakula kwetu usiku, kila akisharudi chumbani kwake Aabo aliwasha taa, akasimama dirishani akingoja izimwe.