Pale Kanda ya Harusi Ililika

Ajali ya lori pale Kiboko haikuniua, lakini Kalondu karibu animalize. Huyo ndiye alinisimamia harusi, na mpaka leo nasema macho yake hayakuwa kwa keki, yalikuwa kwa bwana yangu Mutua.

Juzi mimi, Mutua na msichana wetu tulipeleka kanda ya video ya harusi mjini Wote, kwa fundi wa kuziweka kwa flashi, ndio tuonyeshe kanisa letu la Kalamba siku ya shukrani ya kupona kwangu hiyo ajali. Picha ilienda vizuri mpaka kukata keki. Kalondu kutokea tu, skrini ikajaa michirizi myeupe kama mvua.

"Hapa sitaweza kutengeneza yote, mama," fundi akasema. "Kuna mtu amekuwa akisimamisha kanda hapa hapa miaka mingi. Deki ya video imeikwangua mpaka ikalika."

Nikaruka juu. Duka ilikuwa imejaa watu. "Mutua! Kumbe hiyo ndiyo kazi yako nikienda shamba! Unamsimamisha Kalondu umwangalie! Fisi wewe! Pasta atajua leo!"

Ni msichana wetu Mwende aliyefungua mdomo.

"Mama, si ni wewe? Kila Krismasi unasimamisha hapo unaita wageni, 'Oneni vile huyu anaangalia bwana yangu!' Baba hata kuwasha deki hajui."

Fundi akakohoa. "Sasa, mama, huyo Kalondu nimkate ama nimwache?"

Duka yote ikanigeukia kungoja jibu. Mimi nilikuwa natafuta mlango.