Tamthilia Iliyogawa Shamba Letu

Mpaka leo mtu akinitajia ile tamthilia ya wazee wa milimani, damu inanichemka. Nasema mapema, msomaji asije akadhani nimeshaisamehe.

Ilikuwa miaka ile vituo vya televisheni vinachipuka kila kukicha. Tamthilia ilihusu Uluguru enzi za mkoloni, na kila Jumapili jioni sebule yangu ya Mazimbu ilijaa majirani. Mama yangu, niliyemleta mjini kutoka kijijini kwetu Kinole, huko Uluguru, magoti yalipomshinda, alikaa mbele kabisa na kanga mpya mabegani. Mwanzoni tulifurahi wote. Mama alicheka mpaka machozi kusikia waigizaji wa Dar wakihangaika na lafudhi yetu.

Halafu ikaja sehemu ambayo mzee wa Kiluguru, yu mahututi kitandani, anawaita wanawe wa kiume na kuwagawia mashamba.

"Uongo mtupu!" niliropoka.

Kwetu shamba ni la ukoo wa mama. Baba hana ardhi ya kumrithisha mwanawe, kwa sababu mwana ni wa ukoo mwingine. Akitaka kulima kwenye ardhi ya ukoo wa baba yake anaruhusiwa, ila kila mavuno anawapelekea wenyewe mkungu wa ndizi, kukiri kwamba shamba si lake. Mtoto wa Kinole analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Hao watunzi walishindwa nini kupanda mlima wakauliza?

"Dada, tulia basi," alisema jirani yangu mmoja, mwalimu wa chuo, mtu wa Mbeya. "Angalau tunajiona wenyewe. Tumechoka na tamthilia za Wamexico na machozi yao."

Mwingine, mstaafu wa kiwanda cha sukari, alilalamika kwamba mapigano ni machache. Mkewe alisifia mavazi. Mama peke yake aliendelea kutazama kioo cha televisheni.

Msimu wa kwanza ulipokwisha, redio moja ya mjini ilifungua simu kwa maoni. Waliosifu walisifu, walioponda waliponda: muziki, mapenzi, sura ya mwigizaji mkuu. Nikapiga. Nilipofika kwenye suala la shamba, mtangazaji akacheka.

"Dada yangu, ule ni mchezo tu! Asante sana, tuna msikilizaji mwingine hewani."

Mchezo tu. Nilibaki nimeshika mkonga wa simu, natukana peke yangu.

Shamba la mama kule Kinole lilikuwa linalimwa na binamu yangu, mtoto wa marehemu mjomba. Mjomba alilisimamia kwa niaba ya ukoo, na alipofariki mama akamwachia kijana aendelee kulima. Hakuwahi kukosa kuleta mkungu wake. Alikuwa akishuka nao mwenyewe, anautua mlangoni, ndipo anaamkia.

Mavuno yaliyofuata alikuja mikono mitupu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu," mama aliitikia. "Ndizi zimeliwa na nyani?"

Alicheka kidogo, akaangalia sakafu. Kule kijijini walikuwa wakiitazama tamthilia kwenye kibanda chenye jenereta, kijiji kizima.

"Shangazi, mimi naona lile shamba alikuwa nalo baba. Na mila yetu si tumeiona? Mzee aliwagawia wanawe. Kijijini vijana wote wanasema hivyo sasa."

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimuuliza kama watu wa Dar ndio waliomzika babu yetu. Alinisikiliza kwa adabu zote, akaaga, akaondoka. Wazee wa ukoo tuliowaendea walitupa pole na kutwambia dunia imebadilika. Wawili kati yao wana watoto wa kiume wanaolima ardhi ya ukoo kama binamu yangu, wakaona afadhali wasiguse jambo hilo.

Mwalimu aliposikia alisikitika kweli, akasema msimu wa pili huenda wakarekebisha. Nilimwomba atoke nje.

Jumamosi moja nilikuta sokoni mkungu wa ndizi mzuzu umeshushwa kutoka Kinole, mnene, wa rangi ile ninayoijua. Nikanunua, nikaupika kwa nazi, nikamwekea mama. Alikula kipande kimoja, akainua macho.

"Hizi za kwetu. Amekuja?"

"Hapana, mama. Nimezinunua."

Alirudisha kijiko kwenye sahani taratibu.

"Nimezila tangu nizaliwe," alisema. "Sijawahi kuzinunua."