Chuma cha Reli Kilichoinyima Rungwa Maji

Saa sita mchana, jua la Itigi linachoma utosi. Martina Alute anapanga magunia ya mchanga kuzunguka mota ndogo ya pampu, kisha anatufukuza sote tuliokuja kutazama.

"Msisimame ubavuni mwake! Ikipasuka, sumaku zinaruka kama risasi."

Hakuna anayebisha. Mimi niliyejifanya jasiri asubuhi, niko nyuma ya ukuta.

Mota hii ni ya kisima cha sola cha kijiji cha Rungwa. Ndani yake huzunguka rota, yaani kiini cha chuma kilichobandikwa sumaku. Kiini cha awali kililiwa na kutu, na Martina, fundi wa mota mjini hapa, akachonga kingine kutoka kwenye ekseli kuukuu ya kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli.

"Sisi watu wa Itigi, kitu kikiwa cha reli tunaona kimemaliza," anasema. "Nikakijaribu hapa asubuhi moja, jua bado dogo, kikaenda vizuri tu."

Lakini pampu ya sola hukimbia zaidi jua likiwa kali. Mchana, kule Rungwa, kile chuma cha kipande kimoja kilichemka, sumaku zikapoteza nguvu, maji yakakata. Sasa watu wanachota bwawani, wakigombania na ng'ombe.

Safari hii amechagua bati nyembamba za mota mbovu, akazipaka vanishi moja moja ili umeme usipite kati yake, na kuzibana pamoja. Hazichemki upesi, ila kwa kasi ile zinaweza kuachana. Amezivisha pete ya stenlesi. Sumaku alizobandika ni mpya, na zikiharibika nyingine hana.

Anawasha. Mlio unapanda hadi meno yanauma.

"Mwanangu, zima! Itapasuka hiyo!" anapaza sauti Cecilia Mughwai, mjumbe wa kamati ya maji aliyeileta mota kutoka Rungwa.

"Vumilia, mama. Nikizima sasa, nitakuwa nimekudanganya tena."

Tunasubiri. Naogopa, sifichi.

Jua linapoanza kupinda, Martina anazima, anaifungua mota na kuitoa rota. Ni nzima. Anaushika mkono wa Cecilia na kuuweka juu ya chuma.

"Inaunguza?"

"Hapana. Vuguvugu tu."

Martina hatabasamu. Rota ya kwanza aliipakia kwenye basi, yeye akabaki. Hii anakwenda nayo, na begi lake la nguo liko tayari mlangoni, juu ya ndoo tupu.

"Natumaini itavuta maji," anasema. "Isipovuta, sirudi Itigi. Nitachota bwawani pamoja na watu wa Rungwa mpaka niitengeneze."